Disketi Nne za Ngurario

Nakuru,
17 Februari 2008

Mpendwa Mjomba Jonah,

Leo ni Jumapili, na kabla sijaandika neno la pili nimeapa kwamba katika barua hii nitakuambia kila kitu, hata yale ambayo mtu mzima angeyaacha. Mwalimu wetu wa Kiswahili anasema barua ni mgeni aliyefika mlangoni. Asiposema kilichomleta, amewachosha wenyeji bure.

Kwanza, shikamoo. Mimi sina ugonjwa wowote. Shule ilichelewa kufunguliwa kwa sababu ya fujo za baada ya uchaguzi, na tuliporudi bwenini vitanda vingine vilibaki bila magodoro, na hakuna aliyeuliza wenyewe wako wapi. Niko Kidato cha Tatu, bado wa kwanza katika Kemia. Katika Hisabati usiniulize. Mahindi na maharagwe ya githeri ni yale yale. Mama Mkubwa Wanjugu amenitumia salamu kutoka Mai Mahiu kwa mkono wa dereva wa lori. Anasema kibanda chake cha chai kilisalimika kwa sababu madereva waliegesha malori mbele yake wakakataa kuondoka.

Sasa neno lenyewe. Mjomba, sijui Mama yuko wapi.

Nyumba yetu kule upande wa Molo ilichomwa mwanzoni mwa Januari, mimi nikiwa hapa mjini kwa rafiki yangu. Tangu hapo hakuna aliyemwona dada yako wala kumsikia. Simu yake haipatikani. Baba alikuja shuleni mara moja. Alisimama langoni ameshika kofia kwa mikono miwili, akaniuliza kama ninakula. Nikamuuliza, "Mama yuko wapi?" Akasema, "Alienda na watu wake." Nikamwambia watu wake ni sisi. Akavaa kofia, akaenda.

Juzi walitutembelea watu wanaosaidia kutafuta waliopotea. Dada mmoja mpole aliandika jina la Mama, Wariara, kisha akaniomba picha ya kubandika kwenye ubao wa waliopotea. Nikasema sina. Akaniambia, "Bila picha, mrembo, akina Wariara ni wengi kama mvua." Picha zetu zote ziliungua, hata kitambulisho chake. Zimebaki zile ulizopiga wewe.

Unakumbuka Agosti iliyopita, siku ya ngurario, harusi ya kimila ya kwa kina Mama, Baba na Mama walipoikamilisha baada ya kuishi pamoja miaka yote hiyo. Ulipiga picha kwa kamera ya studio, na baadaye ukatuletea disketi nne nyeusi. Mzee aliyekuwa amekata mbuzi akaziona mezani, akasema kitu cha sherehe hakibebwi na mtu mmoja. Kama vile masikio ya mbuzi yalivyo ya wasichana, na kila upande una nyama yake, akazigawa: ya kwanza kwako, ya pili kwa kogo, mama yake Baba, ya tatu kwa Mama Mkubwa Wanjugu, ya nne kwangu. Ulifungua mdomo kusema jambo, wanawake wakapiga vigelegele, ukanyamaza. Sote tulirudi nyumbani tukiamini kila mtu amepata picha zake.

Yangu nimeitia katika kompyuta ya maabara. Haina picha hata moja. Ina faili moja tu, na nikiigusa kompyuta inasema haiwezi kuifungua. Je, nimeiharibu, Mjomba? Na Mama hajakuandikia?

Mpwa wako,
Cheruto


Karagita, Naivasha,
2 Machi 2008

Kwa mpwa wangu Cheruto,

Marahaba. Barua yako ilinifikia kupitia kwa kinyozi anayenipokelea posta. Mimi nipo. Nimepanga chumba kimoja cha mabati, jirani ana redio ambayo haijui kulala. Ninafunga maua katika shamba moja hapa. Waridi hazinuki kama unavyofikiri. Mikono inanuka dawa hadi wakati wa kula. Wanasema wakubwa wa siasa wamepeana mikono huko Nairobi. Tutaona.

Hukuharibu kitu, kwa hiyo acha kuogopa. Nikueleze, maana hili ninaliweza.

Kompyuta ikifinya faili hufanya kama kitabu cha nyimbo za kanisa. Kiitikio kinaandikwa mara moja, halafu kila ubeti unawekewa alama ndogo tu, nawe unajua la kuimba. Kinachojirudia kinabadilishwa kuwa alama. Ndiyo sababu barua ndefu ikifinywa inabaki kitu kidogo sana, na ukiifungua inarudi yote bila kupotea nukta. Picha hazikubali sana, kwa kuwa kamera yenyewe imeshazifinya. Basi nilizifunga zote pamoja zikawa mzigo mmoja, faili moja ya zipu. Ulikuwa mkubwa kuliko disketi. Nikaukata vipande vinne.

Sikia vizuri hapa. Disketi yako haina picha zako, na ya Wanjugu haina zake. Kila moja ina kipande cha mzigo uliofungwa, na kipande peke yake hakina sura ya mtu. Lazima vyote vinne vikutane katika kompyuta moja, viunganishwe kwa utaratibu wake, cha kwanza mbele, ndipo mzigo ufunguliwe. Kikikosekana kimoja, vile vitatu ni plastiki. Nilitaka kumwambia mzee yule. Lakini utamwambiaje mzee mwenye kisu mkononi kwamba amekosea kugawa?

Ukitaka kujifunza zaidi nenda kwa Shabir, pale studio nilipokuwa nikifanya kazi. Mimi sijakanyaga Nakuru tangu Januari, kwa hiyo nisalimie yeye. Disketi yangu iko mahali fulani katika vitu vyangu. Nitaitafuta.

Shika vitabu. Kidato cha Tatu ndicho kinachoamua.

Mjomba wako,
Jonah


Nakuru,
16 Machi 2008

Mpendwa Mjomba,

Nakusalimu na kukuombea dawa ya mikono. Sisi tumeanza mitihani ya katikati ya muhula. Mvua imenyesha mara mbili, vumbi la Nakuru limetulia, na msichana mmoja wa kitanda cha jirani amerudi. Haongei. Tunamwekea chai na anakunywa.

Nimesoma barua yako mpaka imelegea mikunjo. Bahasha ina muhuri wa posta ya Nakuru, nadhani barua za Naivasha hupitishwa huku kwanza. Nimeelewa habari ya kiitikio, na nimeijaribu. Nilichukua insha yangu ya kurasa tano nikaifinya katika maabara, ikawa ndogo hata nikahisi aibu kwamba ninajirudia namna hiyo. Nilipoifungua ilikuwa nzima, makosa yangu yote yamo.

Nimeapa kusema yote, kwa hiyo ninasema na hili bila kukukosea heshima. Umeniandikia mambo mengi ya kompyuta. Kuhusu Mama hukuandika hata mstari mmoja. Niliuliza.

Mama Mkubwa Wanjugu hakuchelewa. Alimpa disketi yake dereva mmoja, naye akaileta hadi langoni imefungwa katika karatasi ya unga. Juu ameandika, "Mtafute. Mimi naona kila lori linaloteremka lina watu, na ninawatazama wote." Sasa nina ya tatu na ya nne.

Jumamosi tuliruhusiwa kwenda mjini nikaenda kwa Mzee Shabir. Nilipotaja jina lako alivua miwani.

"Wewe ni mpwa wa Jonah? Kichwa ni kile kile, kinaingia mlangoni kabla ya mtu. Jonah ako wapi?"

Nikamwambia uko Karagita, unafunga maua.

"Maua! Mtu anajua kuweka bibi harusi aonekane hana kitambi, sasa anafungia Wazungu maua. Mwambie kiti yake iko tu. Mimi sijakalisha mtu."

Binti yake Payal ndiye anayekaa kwenye kompyuta siku hizi. Alizisoma disketi zangu mbili akazihifadhi, maana anasema disketi hufa kama nzi, ukiiacha juani tu imekwisha. Ameniahidi kwamba siku nitakayoleta mbili zilizobaki, ataviunganisha vipande mbele yangu na kuchapa picha ya Mama.

Likizo ya Aprili nitakwenda kwa kogo. Nitamwomba yake. Watu wananiambia nisiende, kwamba hawezi kunipa. Lakini mimi ni mjukuu wake, na nimebeba jina la mama yake.

Yako je? Umeipata katika vitu vyako? Chumba ni kimoja, Mjomba.

Cheruto


Karagita,
13 Aprili 2008

Kwa Cheruto,

Salamu za hapa. Nimechelewa kujibu. Kulikuwa na homa, halafu kinyozi alihama, halafu shamba lilikuwa na kazi nyingi za Pasaka. Sitakudanganya kwamba hizo ndizo sababu zote.

Nimefurahi kusikia juu ya Shabir. Mwambie Payal asizime kompyuta kwa kuchomoa waya kama baba yake.

Unauliza juu ya mama yako. Mimi ni kaka yake, kwa hiyo usifikiri ninalala. Siwezi kuandika zaidi ya hapo.

Nataka nikuulize na mimi. Je, baba yako anajua unatafuta hiyo picha? Picha ikishabandikwa ubaoni inatazamwa na kila apitaye, anayemtakia heri na asiyemtakia. Watu wa kutafuta wana nia njema, lakini ubao hauchagui macho. Fikiria hilo, wewe mwenye akili ya Kemia.

Pamoja na barua hii nimekutumia disketi yangu, kipande cha kwanza. Nimeiweka kati ya vipande viwili vya katoni ya maua. Usiseme mjomba wako alikunyima. Lakini usijipe matumaini makubwa. Bila ile ya pili hutaona hata ukucha wa mtu, na ile ya pili iko kwa nyanya yako, mama wa baba yako Kosgei. Baada ya yaliyotokea, hiyo isahau tu. Zitunze hizo tatu kama ukumbusho wa sherehe, na usome.

Jonah


Nakuru,
11 Mei 2008

Mpendwa Mjomba,

Nakusalimu. Muhula wa pili umeanza. Mama Mkubwa Wanjugu anaumwa magoti lakini bado anauza chai. Kogo anakusalimu. Ndiyo, Mjomba, yeye mwenyewe alisema, "Salimia kaka ya mama yako," na ninakuandikia salamu zake kama alivyozitoa.

Nilimkuta ameketi nje akipukuchua mahindi. Hakuniuliza nimefuata nini. Nilimsaidia kupukuchua mpaka beseni likajaa, ndipo nikasema. Aliingia ndani, akatoka na mkebe wa majani ya chai. Disketi ilikuwa ndani, imefungwa katika leso, haina hata mkwaruzo.

"Hiki ni changu," akasema. "Niligawiwa mbele za watu, na mkono wa mzee wao. Nyumba yao waliichoma, lakini kile nilichopewa na upande wa Wariara sikumpa mtu akichome."

Nikamuuliza ni nani walioichoma nyumba.

"Vijana. Wengine niliwabeba mgongoni."

"Na Baba?"

Alichukua hindi jingine akaanza kulipukuchua. "Baba yako hakushika kiberiti. Alisimama njiani mikono mfukoni, hakusema neno. Wariara alitoka na kanga moja, akapita mbele yake, akamtazama. Kosgei alitazama chini. Basi. Mimi nilikuwa ninapiga kelele, lakini nani husikia mwanamke mzee?"

Jioni Baba alikuja. Alijua nimepewa disketi. Aliniuliza nitaibandika wapi picha, ubao gani, nami nikamwambia. Akasema, "Akionekana, nitamwendea." Nilijaribu kujua kwa uso wake anataka kumwendea kwa nini. Sikuweza. Yeye ni baba yangu na sikuweza.

Ulisema niisahau disketi ya pili. Sasa nimekwisha kujua kwamba uliniletea ya kwanza kwa kuwa ulikuwa na hakika haitakutana na wenzake.

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwa Mzee Shabir. Payal aliingiza disketi moja baada ya nyingine, na kompyuta ilikuwa ikikwaruza kama panya darini. Ya kogo ilisomeka bila shida. Yako ndiyo iliyosumbua, Payal akaipangusa, akaipuliza, akaanza tena. Vipande vilipoungana ikawa faili moja ya zipu, na alipoifungua picha zikatoka zote kwa foleni, isipokuwa ya keki, ambayo nusu yake ni kijivu. Nilikuwa nimesahau kwamba Mama huinamisha kichwa kidogo upande wa kulia. Miezi minne tu, na nilikuwa nimeanza kumkumbuka akiwa wima.

"Chukua hii," Mzee Shabir akasema, "hii anaonekana sura yote." Ilikuwa ile ambayo mtu mwingine alishika kamera, nawe umesimama kando yake mnacheka, mkono wako begani kwake. Nikasema ndiyo. Aliichapa kwenye karatasi nzuri, na Payal akaniwekea ndani ya bahasha.

Nilikwenda moja kwa moja hadi kambi ya waliofukuzwa makwao, pale uwanja wa maonyesho, kwenye ubao wa waliopotea. Kumebandikwa watu wengi, na mvua imewafuta wengine midomo. Nilikuwa nikiomba pini nne kwa kijana mmoja wakati mama anayepika uji alinijia na mwiko wake mkononi.

"We msichana, hiyo picha umetoa wapi? Si huyu ni Mama Nduta?"

Nikamwambia huyo ni Wariara, mama yangu.

"Basi hapa alikuwa Mama Nduta. Tulilala hema moja tangu Januari. Nani angetaja jina lake siku hizo?" Akaipokea picha, akaitazama, akacheka. "Kumbe hucheka! Na huyu ndiye kakake. Huyu huyu. Alimjia wiki ile wakubwa walipopeana mikono. Alikaa siku mbili tatu akimbembeleza, halafu wakaondoka. Hakutuaga vizuri huyo mwanamke, lakini mimi sikumlaumu."

Kidole chake chenye uji kilikuwa juu ya uso wako, Mjomba.

Nilimuuliza kama ana hakika. Alisema mtu hawezi kumsahau aliyelala naye mgongo kwa mgongo kwa sababu ya baridi. Kisha akatazama nguo zangu, na sauti yake ikabadilika.

"Nyinyi wa sare hii hupita hapa Jumapili mkitoka kanisani, sivyo? Alikuwa anakuja hapo kwenye seng'enge kila mkipita. Anasimama nyuma ya mwenye nguo nyingi za kuanika. Nikamuuliza siku moja, una mtoto pale? Akasema hana."

Sikuibandika picha. Nilimrudishia yule kijana pini zake, akadhani nimempata mtu wangu, akanipongeza. Nilirudi shuleni kwa miguu. Njiani nilikumbuka muhuri wa Nakuru kwenye bahasha yako, nikaelewa mambo ambayo ulikuwa ukiniandikia bila kuyaandika. Kama ningeibandika, Baba angefika na kumuuliza mama yule yule wa uji, naye angemwambia kila kitu kwa furaha kama alivyoniambia mimi.

Kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Picha iko ndani ya godoro langu. Nimemwambia Payal afute nakala katika kompyuta, naye amefuta mbele yangu. Baba akiniuliza nitasema disketi zilikataa kufunguka, na itakuwa mara yangu ya kwanza kumdanganya mzazi. Kogo sijajua nitamwambia nini. Yeye aliomba tu aone sura.

Sikukasirikii. Nilijaribu kukukasirikia jana nikashindwa, kwa maana Mama yu hai, na aliyemtoa katika hema lile ni wewe. Sikuombi uniambie mahali alipo. Kama ni chumba hicho hicho cha mabati chenye redio ya jirani, usiniambie. Sitakuja. Naweza kungoja mpaka nimalize shule, naweza hata zaidi.

Lakini alinitazama kila Jumapili, na mimi nilikuwa nikipita hapo nikiimba. Jambo moja tu siwezi kulibeba mpaka mwisho wa muhula, na ninaomba unijibu kwa posta ya kwanza, hata kwa neno moja: ni wewe uliyeamua nisiambiwe, Mjomba, au ni Mama aliyekuomba?

Cheruto